Gitaa la Mjomba wa Shemeji

Jumatatu, Machi 3

Shemeji amefika wakati wa chai, kama ada yake. Leo amekuja na gunia. Ni gunia la kahawa lililofungwa kwa kamba ya mkonge, na ndani mna gitaa la umeme la marehemu mjomba wake, aliyekuwa mpiga solo katika bendi moja ya huku kwetu miaka ya sabini. Mjomba alipofariki, ng'ombe walienda kwa wanawe, shamba likaenda mahakamani, gitaa likaenda kwa shemeji.

Shemeji anasema gitaa hilo ni la shilingi milioni 500. Nilipomuuliza amejuaje, akatoa simu.

Alichosoma ni kweli. Juni 2019, David Gilmour wa Pink Floyd aliuza kwa mnada mjini New York gitaa lake jeusi, Fender Stratocaster, likaenda kwa dola 3,975,000. Ukizidisha kwa shilingi 129 unafika huko anakosema shemeji. Mwaka uliofuata gitaa alilopiga Kurt Cobain wa Nirvana likapita hapo, likauzwa kwa dola milioni 6. Nimemweleza kwamba hao ni watu waliojulikana dunia nzima. Amejibu kwamba mjomba pia alijulikana, hata chifu alikuwa akimwita kwa jina.

Tumekubaliana nilipime. Mama watoto ameuliza litalala wapi. Limelala chini ya kitanda, upande wangu.

Jumanne, Machi 4

Nilikuwa karani wa kiwanda cha kahawa cha ushirika hadi nilipostaafu, na sijawahi kukubali uzito wa gunia kwa maneno ya mwenye gunia. Nimelilaza gitaa mezani, nikavaa miwani.

Mwili ni mwembamba, mwekundu, na pale mkono wa kulia ulipokuwa ukiegemea rangi imeisha, mbao inaonekana. Kichwani, mahali pa jina la kampuni, mtu ameandika FENDA kwa kalamu ya wino. Nyuma, kibamba cha chuma kinachounga shingo na mwili kimegongwa maneno kwamba shingo imetiwa chuma na kwamba kazi imefanywa Japani. Kibamba kina matundu manne, skrubu tatu na msumari mmoja. Nyuzi tano ni za gitaa na moja ni ya breki ya baiskeli, ufundi ambao wazee wanaujua. Chini ya nyuzi kuna sumaku mbili za kunasa sauti, zile wanamuziki huziita pikapu, na kila moja ina karatasi ya rangi ya dhahabu nyuma ya wavu wa chuma.

Kwa hiyo si Fender. Ni Mjapani wa miaka ya sitini, wa ukoo wa akina Teisco, Guyatone na Kawai, viwanda vilivyokuwa vikitoa magitaa kwa wingi na kuyabandika jina lolote alilolitaka mwagizaji. Teisco yenyewe ilinunuliwa na Kawai mwaka wa 1967. Yalikuwa magitaa ya kijana ambaye baba yake amekataa kumnunulia la Marekani.

Nimeliunganisha na redio ya sebuleni nisikie sauti. Halikutoa. Nikagusa nyuzi, nazo zikanigusa. Stima ikapotea mtaa mzima, ingawa jirani anasema ilikuwa imetangazwa.

Alhamisi, Machi 6

Shemeji ameuliza swali la maana, jambo ambalo nimeliandika kwa sababu ya uhaba wake. Inakuwaje gitaa kuukuu liwe ghali kuliko jipya, na simu yake kuukuu hakuna anayeitaka hata bure?

Nimempa kisa cha Les Paul. Kati ya mwaka wa 1958 na 1960 kampuni ya Gibson, huko Kalamazoo, Michigan, ilitengeneza magitaa ya Les Paul yenye rangi ya jua la machweo. Bei ilikuwa chini ya dola 300. Hayakuvuma, hayakufika hata elfu mbili, na kampuni ikaachana nayo. Kisha mwaka wa 1966 Eric Clapton akarekodi albamu pamoja na John Mayall akitumia gitaa la aina hiyo, na kila kijana wa Uingereza na Marekani akataka sauti ile. Akienda dukani, halipo. Vijana hao wakakua, wakawa mawakili na madaktari wa meno, wakaanza kutafuta walichokikosa wakiwa na miaka kumi na sita. Bei ikapanda mlima yenyewe, kama maji yanavyoonekana kupanda pale Kyamwilu, Machakos. Kufikia mwaka wa 2007 moja lilikuwa linauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Mwaka wa 2008 mabenki ya Marekani yakaanguka, magitaa yakaanguka nayo, kwa kuwa wenye magitaa ndio hao hao wenye hisa.

Hilo la kuanguka shemeji hakulipenda. Lakini mimi bei nimeziona kwa macho. Julai 1975 barafu iliua mikahawa ya Brazil, bei ikapanda, na mwaka wa 1976 na 1977 wakulima wa Mua, Kathiani na Kangundo walikuwa wakija kiwandani kupokea pesa wakiwa wamevaa tai. Mjomba alikuwa mmoja wao. Mimi ndiye niliyemhesabia malipo yake, na wiki hiyo hiyo akapanda basi la Nairobi, akarudi na hili gitaa, la mtumba, kutoka kwa mwanamuziki aliyekuwa ameokoka. Alilipa shilingi 1,200. Alituambia yeye mwenyewe, kiwanda kizima, mara nyingi. Kisha Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, na watu wakaanza kupanda mahindi katikati ya mikahawa.

Tofauti ni kwamba kahawa ikipanda bei, kila mtu hupanda miche, na baada ya miaka michache kahawa inajaa ghala. Gitaa la mwaka wa 1959 halipandwi tena. Nilikuwa nimefika hapo katika maelezo tulipogundua kwamba mbuzi wa jirani amekula mkanda wa gitaa. Ulikuwa wa ngozi, wa tangu enzi. Nimeandika kitabuni: kasoro ya kwanza.

Jumamosi, Machi 8

Gitaa halikuwa chini ya kitanda. Shemeji alikuwa amelichukua asubuhi nikiwa sokoni Marikiti, akalipeleka kwa fundi wa rangi karibu na stendi, yule anayepaka matatu. Limerudi jioni. Ni la zambarau, linang'aa, na ubavuni limeandikwa "Mungu Mbele" kwa herufi za fedha. Fundi alikuwa na roho nzuri, akapiga rangi kila mahali, zikiwemo zile karatasi za dhahabu. FENDA imefutika. Gharama ni shilingi 1,500, na shemeji anaomba nimkopeshe.

Nimemweleza pole pole. Huko kwenye soko la magitaa ya kale, rangi ya kiwandani ndiyo nusu ya mali. Chukua Fender. Leo Fender aliiuza kampuni yake kwa CBS Januari 1965 kwa dola milioni 13, na hadi leo gitaa lililotoka kabla ya tarehe hiyo lina bei yake na lililotoka baadaye lina bei nyingine. Sasa hilo la kabla, likipakwa upya hata na fundi hodari, hupoteza karibu nusu ya thamani. Wanunuzi hufungua kifuniko na kuangalia kama lehemu ya waya imewahi kuguswa. Wanasoma namba zilizogongwa kwenye vidude vya kupandishia sauti, tarakimu za mwanzo zikitaja kiwanda na zinazofuata zikitaja mwaka na wiki. Uchafu wa jasho la mtu wa mwaka wa 1962 wanauacha ulivyo.

"Kwa hivyo wanataka chafu," akasema shemeji.

Wanataka chafu.

Akaniuliza kama huyo Gilmour hakuwahi kuligusa gitaa lake. Ukweli ni kwamba aliligusa sana. Alibadilisha shingo, akabadilisha pikapu, akatoboa mashimo, akaongeza swichi, na bado likapita magitaa safi yote. Uharibifu wa Gilmour ni historia. Uharibifu wa fundi wa stendi ni uharibifu. Shemeji anaona huo ni ubaguzi, na sikupata jibu.

Jumapili, Machi 9

Mzee wa kanisa amesikia habari za gitaa. Ametukumbusha katika matangazo kwamba vipawa ni vya kutolewa. Tumetazama mbele.

Jumatano, Machi 12

Kijana mmoja wa bendi, anayepiga kwenye harusi na mikutano ya siasa bila kubagua, amekuja kuliona. Wiki iliyopita, likiwa bado jekundu, alikuwa ametaja 6,000 kwa simu. Leo ameliona la zambarau, akaruka hadi 9,000. Amesema lile la kwanza lilionekana la marehemu.

Nimepiga hesabu. Rangi ambayo ingelipunguzia bei nusu huko London imelipandishia bei nusu hapa Machakos. Sijui nani mwingine amewahi kupata matokeo hayo kwa shilingi 1,500, ambazo bado sijarudishiwa.

Nikamuuliza kijana kwa nini asipande juu kidogo. Akasema kwa 15,000 hivi anapata jipya Nairobi, kutoka China, pamoja na mfuko na waya, na likiharibika analirudisha. Akauliza kama hili lina garantii. Mjomba hakuacha garantii.

Usiku nilipiga hesabu nyingine kwa sababu usingizi haukuja. Mwaka wa 1977 dola moja ilikuwa shilingi 8 na senti. Zile 1,200 za mjomba zilikuwa kama dola 145. Dola 145 leo ni zaidi ya shilingi 18,000. Yaani gitaa limelala ndani ya gunia miaka mingi, halijapigwa wimbo, na kwa shilingi limejizidisha mara kumi na tano. Shilingi ndiyo iliyoshuka, gitaa limekaa palepale. Nimemwamsha mama watoto nimweleze. Amesema nimweleze asubuhi.

Ijumaa, Machi 14

Shemeji amesoma tena. Sasa anasema tusiuze gitaa, tuuze pikapu. Na hapa, kwa mara ya kwanza, ana hoja.

Ry Cooder, Mmarekani anayepiga gitaa kwa kuteleza kichupa juu ya nyuzi, aliwahi kuchukua pikapu ya Teisco, ile yenye karatasi ya dhahabu, akaifunga kwenye Stratocaster yake. Sauti ikatoka ya duara, kama inatoka chini ya mtungi. Watu wakasikia, wakaitaka. Magitaa ya Kijapani yaliyokuwa yakitupwa yakaanza kununuliwa, yakang'olewa pikapu, na miili ikabaki imerundikwa. Jinsi ng'ombe wa kuchinja anavyouzwa kwa viungo, ndivyo yalivyouzwa, na mara nyingi pikapu mbili zilileta pesa kuliko gitaa zima.

Shemeji akaweka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la wanabiashara wa Machakos: pikapu mbili, Japani, miaka ya sitini, zimetunzwa, bei ya maelewano. Kufikia saa nne alikuwa amepigiwa simu na watu wa Kyumbi, Mlolongo na Emali. Wa kwanza aliuliza kama ni dizeli. Wa pili aliuliza logibuku. Mmoja amefika kwa miguu kutoka Mutituni na makanika wake, wakazunguka nyumba mara mbili wakitafuta zilipoegeshwa. Tumewapa chai.

Jioni, hata hivyo, mtu mmoja wa Ujerumani amejibu mahali pengine ambapo shemeji alikuwa ameweka tangazo hilo hilo. Anatoa dola 150 kwa kila pikapu, akiona picha, na angependa kujua ubao wa shingo ni mti gani, kwa ajili ya forodha ikiwa tutauza gitaa zima.

Jumanne, Machi 18

Suala la mti tumelipeleka Wamunyu. Ukitaka kujua mti katika kaunti hii huendi kwa afisa, unaenda Wamunyu, kwa wachongaji. Kazi hiyo ililetwa na Mutisya Munge, aliyeiona Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi nayo nyumbani, na hadi leo ukisikia patasi inagonga chini ya mti huko, ni matokeo ya safari yake.

Mzee mmoja mchongaji alilipokea gitaa, akaligeuza, akalinusa, na kabla hatujasema neno akatoa kisu na kukwangua ubao wa shingo mpaka unga ukaanguka. Akautazama unga, akasema si mpingo. Ni ndugu yake, wa India pengine. Akaongeza kwamba kwa ukubwa ule angepata swala wawili na kijiko.

Undugu huo si mzaha. Mpingo wetu na ile miti myekundu ya India na Brazil ambayo hutumika kutengenezea magitaa ni jamii moja, Dalbergia. Ule wa Brazil umefungiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu mwaka wa 1992, na gitaa lenye ubao huo halivuki mpaka bila karatasi. Januari 2017 jamii nzima ikatiwa kwenye masharti, na kwa karibu miaka mitatu mtu hangeweza kuuza nchi za nje hata gitaa la kawaida lenye mti wa jamii hiyo bila kibali. Waliouza kwa njia ya posta walilia. Novemba 2019 ala za muziki zilizokamilika zikasamehewa, isipokuwa zile za mti wa Brazil. Kwa hiyo letu linaweza kusafiri. Kasoro ya pili, alama ya kisu kwenye ubao, urefu wa nusu kidole.

Jumamosi, Machi 22

Mvua ya masika imeanza saa nane usiku. Bati la chumba cha kulala lina tundu moja tu, na tumelijua tangu mwaka juzi, na sufuria yake ina mahali pake. Upepo ulikuwa wa upande mwingine. Maji yamepita kando ya sufuria, yakateleza chini ya kitanda.

Rangi ya matatu haikupata dosari yoyote. Fundi yule anajua kazi.

Shingo imepinda kidogo.

Jumanne, Machi 25

Nimeamua kufuata njia iliyobaki, ambayo ni jina. Gitaa la kwanza la John Lennon, alilolipiga Julai 1957 siku aliyokutana na Paul McCartney, lilikuwa la bei ya chini kabisa, Gallotone kutoka Afrika Kusini, na ndani lilibandikwa karatasi ya kuahidi kwamba halitapasuka. Kampuni yake ndiyo ile ile ya Gallo iliyouza santuri za Mwenda Jean Bosco, Mkongo aliyefundisha vidole vya wapigaji wengi wa Afrika Mashariki kabla hawajamwona. Mwaka wa 1999 gitaa hilo la Lennon liliuzwa London kwa zaidi ya pauni 100,000. Mbao ilikuwa ya kawaida. Kilichouzwa ni ushahidi kwamba ni lake.

Kwa hiyo tunahitaji ushahidi. Nimeenda Mitaboni kwa mzee aliyepiga besi pamoja na mjomba. Amenikaribisha vizuri, tumekula muthokoi, tumezungumza. Anakumbuka kila kitu. Anakumbuka walivyokuwa wakiwaonea wivu Kyanganga Boys wa Peter Mwambi, na jinsi Kakai Kilonzo alivyowapita wote kwa kuimba Kiswahili pia, akasikika hadi pwani na ziwani, kabla hajafariki mwaka wa 1987 akiwa bado kijana. Gitaa jekundu analikumbuka. Anasema lilikuwa lake.

Tulinyamaza kidogo.

Picha anayo. Aliitoa kwenye sanduku la bati, imefungwa kwa karatasi ya sukari. Bendi nzima imesimama mbele ya ukuta, suruali pana chini, viatu vya visigino. Mchwa wameingia upande wa kushoto. Wamekula mpiga ngoma nusu, wamekula mjomba kuanzia kiunoni kwenda juu, na gitaa lote. Umebaki mkono mmoja ulioshika kitu.

Nimekaa kwenye matatu nikifikiria jambo hili hadi Machakos. Kule ng'ambo, gitaa hupanda bei pale walioitamani sauti yake wakiwa vijana wanapopata pesa wakiwa wazee. Ndiyo sababu yale magitaa makubwa ya jazi, yenye tumbo wazi, hayana nguvu sokoni kama zamani. Waliocheza jazi hiyo wanazidi kupungua, na watoto wao wanataka kitu kingine. Huku Ukambani, waliocheza benga mwaka wa 1978 mpaka vumbi likafika kwenye bati wako hai, ni wengi, na tamaa wanayo. Uzee umefika kwa wakati. Pesa ndizo zimechelewa. Walionazo wanalipa karo za wajukuu, na hakuna aliyewahi kumuuza mbuzi ili anunue gitaa la kutundika ukutani.

Santuri zilipata bahati kidogo, kwa sababu zina jina la bendi katikati na mtu hawezi kulibishia. Mwaka wa 2013 kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa nyimbo za zamani za Kenya, na tangu hapo kuna watu wanaotafuta santuri zetu kuliko sisi wenyewe. Gitaa halina jina katikati. Letu halina hata FENDA.

Jumamosi, Machi 29

Kijana wa bendi ameomba kulijaribu gitaa kazini kabla ya kulipa, katika ntheo moja, sherehe ya mbuzi wa mahari, upande wa Masii. Nimeandamana nalo kama mlinzi. Shemeji ameandamana na chakula.

Lilipounganishwa kwenye spika kubwa, likatoka na sauti ambayo sikuitarajia, nyembamba juu, nene chini, ina ukwaruzo kidogo, na akina mama wa rika langu wakaacha sahani zao. Kijana akapiga pambio la kisasa, wakamwambia apige la zamani. Akapiga la zamani. Kwa muda fulani pale uwanjani bei ilikuwa juu. Nilimwona mzee mmoja mwenye shamba barabarani akimnong'oneza mwenzake, nikasogea. Alikuwa akiuliza choo kiko wapi.

Ndipo ule uzi wa breki ukakatika. Ulikuwa umevutwa tangu enzi za Mzee Kenyatta. Uliruka ukampiga beberu mmoja wa mahari, akakata kamba, wenzake wakamfuata hadi kwenye mbaazi za jirani. Mazungumzo ya wazee yalisimama kwa saa nzima, kwani hakuna anayeweza kuhesabu mbuzi walio mbioni. Upande wa bibi harusi ukadai mmoja zaidi kwa ajili ya usumbufu. Upande wa bwana harusi ukatazama gitaa.

Kijana amepunguza bei hadi 7,500, kwa awamu tatu.

Jumatano, Aprili 2

Mjerumani ameona picha. Ameandika kwa adabu. Anasema pikapu zikipakwa rangi ya gari hawezi kujua chini yake kuna nini, na kwa hali hiyo anatoa dola 40 kwa zote mbili, nauli ya posta ikiwa juu yetu. Tumeuliza nauli ya posta. Ni zaidi ya dola 40.

Mzee wa Mitaboni ametuma mjukuu kuulizia lini gitaa lake litarudishwa.

Nimefunga hesabu kama nilivyokuwa nikifunga ya kiwanda kila mwisho wa msimu. Kwa shemeji, shilingi milioni 500. Kwa mabadiliko ya dola, 18,000 na kitu. Kwa kijana wa bendi, 7,500. Kwa Mjerumani, chini ya sifuri. Kwa mchongaji wa Wamunyu, swala wawili na kijiko. Kutoka kwa haya ondoa rangi 1,500, nauli, chai ya wanunuzi wa pikapu na mkanda. Mama watoto amesoma ukurasa, akasema liuzwe kwa kijana. Shemeji amesema tungoje, bei zitapanda. Mimi naona anayelipiga ndiye anayestahili kulinunua, ila mwenye mali ni shemeji, au mzee wa besi, na hilo lisipoamuliwa sitatia sahihi.

Jumamosi, Aprili 5

Kwa yeyote atakayesoma haya: ikiwa ulikuwa kwenye densi Tala au Kangundo mwishoni mwa miaka ya sabini, na una picha ya mtu mrefu mwenye suruali pana ameshika gitaa jekundu la umeme, na mchwa hawajaifikia, tafadhali usiisafishe, usiipake chochote, usiikate pembeni ili iingie kwenye fremu. Iweke ndani ya bahasha pamoja na jina lako na mwaka, uilete Machakos mjini, uulizie karani mzee wa kahawa. Nauli ya kuja tutakulipa sisi. Ya kurudi tutazungumza.